Vihifadhi katika losheni na dawa za nywele za nyumbani: kwa nini vinahitajika na vinatumikaje

Kila tunapozungumzia utunzaji wa nywele na ngozi katika vipindi vyetu, wasikilizaji hurudi na swali lilelile kwa namna mbalimbali. Jeli ya bamia inakaa siku ngapi? Maji ya karafuu yakianza kubadilika harufu, bado yanafaa? Nikiongeza vitamini E, losheni yangu itadumu mwaka mzima? Wanaouliza ni watu wa aina mbili. Wapo wanaojitengenezea vitu vyao vya nyumbani, na wapo walioanza kuuza kwa majirani, kwenye saluni na kupitia simu. Kwa wote jibu linaanzia mahali pamoja, nalo ni maji.

Katika makala haya tunaeleza kwa nini bidhaa yenye maji huharibika, vihifadhi hufanya nini, vipi vinatumika na kwa kiasi gani, na lini unaweza kuviacha kabisa.

Penye maji pana vijidudu

Bakteria, hamira na ukungu haviwezi kuzaliana bila maji. Ndiyo maana mafuta ya nazi, mafuta ya shea na nta ya nyuki hukaa miezi mingi bila kuota chochote. Mafuta hayo yanaweza kuchacha kwa sababu ya hewa, mwanga na joto, lakini huko ni kuharibika kwa aina nyingine. Sabuni ya mche nayo haihitaji kihifadhi, kwa sababu ina maji kidogo na pH yake iko juu, kwa kawaida kati ya 9 na 10.

Mambo hubadilika mara unapotia maji, au kitu chenye maji ndani yake: utomvu wa mshubiri ambao wengi tunauita alovera, maji ya mchele, chai, maji ya waridi, maziwa, parachichi au bamia iliyochemshwa. Vitu hivi, mbali na maji, vina sukari, wanga na protini. Kwa vijidudu hicho ni chakula kilichopikwa tayari.

Kasi yake ni ya kushangaza. Bakteria wa aina ya Escherichia coli, akipata joto na chakula cha kutosha, hujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa mwendo huo, mmoja tu aliyeingia saa mbili usiku anaweza kuwa zaidi ya milioni 16 ifikapo saa kumi alfajiri. Chupa iliyoachwa juu ya kabati la bafuni Dar es Salaam au Mombasa iko katika joto ambalo vijidudu vingi hulipenda.

Tatizo kubwa ni kwamba macho hayaoni mapema. Maji huanza kuonekana yana ukungu pale tu bakteria wanapofika mamilioni katika kila mililita moja. Kwa hiyo ukishaona rangi imebadilika, jeli imekuwa nyepesi, chupa imevimba au harufu imegeuka, bidhaa hiyo ilikwisha kuharibika siku kadhaa nyuma. Kusema "haijanuka, kwa hiyo ni salama" si kipimo.

Madhara yake ni yapi?

Mtu mwenye ngozi nzima na afya njema anaweza kupaka losheni iliyochafuka asione lolote. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Hatari huja pale ngozi inapokuwa na mwanya: baada ya kunyoa, baada ya kusukwa nywele kwa kubanwa sana, penye mikwaruzo, penye pumu ya ngozi, au kwa mtoto mchanga na mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka. Vipele vyenye usaha kichwani na uvimbe kwenye vinyweleo ni miongoni mwa matokeo yanayojulikana.

Macho ndiyo yaliyo hatarini zaidi. Mwaka 1977 madaktari wa macho nchini Marekani waliripoti wagonjwa waliopata vidonda kwenye kioo cha jicho baada ya kutumia wanja wa kope uliokuwa na bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Bakteria huyu hupenda sana mahali penye maji, na akishaingia kwenye jicho lililokwaruzwa anaweza kuharibu uwezo wa kuona kwa muda mfupi. Mwaka 2008 ilichapishwa ripoti nyingine kutoka Hispania: wagonjwa waliokuwa katika chumba cha uangalizi maalumu walipata maambukizi yaliyotoka kwenye losheni ya mwili waliyokuwa wakipakwa. Losheni hiyo ilikuwa ya kiwandani. Ikiwa kiwanda chenye maabara kinaweza kukosea, jikoni kwetu hatuna budi kuwa waangalifu zaidi.

Je, kuchemsha na kuweka kwenye friji hakutoshi?

Kuchemsha kunasaidia, lakini hakumalizi kazi. Maji yanayochemka huua bakteria wengi, ila baadhi yao huwa na mbegu ngumu zinazostahimili moto. Mfano ulio karibu nasi ni Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hupatikana kwenye mchele. Unapochemsha maji ya mchele kisha ukayaacha mezani yapoe polepole, mbegu hizo zinaamka na kuanza kuzaliana. Isitoshe, hata maji yaliyochemshwa vizuri huchafuka tena kwa kidole cha kwanza kinachoingia kwenye kopo.

Friji hupunguza kasi, haiui. Katika nyuzi 4 bakteria wengi hulala, lakini wapo wanaoendelea kukua taratibu, Pseudomonas wakiwemo. Kwa hiyo jeli ya bamia, jeli ya mbegu za kitani, utomvu wa alovera au maji ya mchele yasiyo na kihifadhi yawekwe kwenye friji na yatumike ndani ya siku tatu hadi tano, wiki moja ikizidi sana. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara, punguza siku hizo. Unaweza pia kugandisha kwenye vibweta vya barafu na kutoa kimoja kila unapohitaji.

Vitu vinavyodhaniwa kuwa vihifadhi

Vitamini E. Hii huchelewesha mafuta kuchacha. Haiui bakteria wala ukungu. Ukiitia kwenye losheni yenye maji, mafuta yaliyomo yatadumu, lakini vijidudu vitaendelea kuzaliana. Dondoo ya mrosmari inayouzwa kwa ajili ya mafuta hufanya kazi hiyohiyo.

Mafuta ya karafuu, mchaichai au mti-chai. Yana nguvu kiasi dhidi ya vijidudu, lakini kiasi kinachotakiwa ili kulinda chupa nzima kwa miezi ni kikubwa mno kwa ngozi. Mafuta ya karafuu hasa yanaweza kuunguza. Kwa upande wa maji ya karafuu yaliyochemshwa, kiasi cha mafuta kinachobaki ndani yake hakitoshi kuyahifadhi.

Asali. Asali safi haiozi kwa sababu ina maji machache na sukari nyingi. Ukiichanganya na maji, kinga hiyo inaondoka na mchanganyiko huanza kuchachuka.

Gliserini. Nayo ni kama asali. Ikiwa nusu ya mchanganyiko au zaidi, vijidudu hupata shida kukua. Ikiwa asilimia 3 au 5, kama ilivyo kwenye dawa nyingi za kupulizia nywele, haizuii kitu.

Dondoo ya mbegu za balungi. Inauzwa kama kihifadhi cha asili, lakini wanasayansi waliochunguza sampuli za madukani walikuta kwamba nguvu yake ilitokana na vihifadhi vya viwandani vilivyokuwa vimechanganywa humo, kama vile benzethonium chloride.

Limau au ndimu. Hushusha pH, jambo linaloweza kusaidia kihifadhi kufanya kazi, lakini yenyewe si kihifadhi. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi inayopigwa na jua yanaweza kuleta malengelenge na mabaka meusi.

Vihifadhi vinavyotumika kwa kweli

Kihifadhi kizuri ni kile kinachozuia makundi yote matatu: bakteria, hamira na ukungu. Ni vichache vinavyoweza kufanya hivyo peke yake, ndiyo maana mara nyingi huuzwa vikiwa vimechanganywa viwili au vitatu.

Fenoksiethanoli. Ni kimiminika kisicho na rangi, na kinapatikana katika losheni nyingi za madukani. Kina nguvu zaidi dhidi ya bakteria kuliko ukungu, kwa hiyo huchanganywa na kisaidizi, mara nyingi ethylhexylglycerin. Hakitegemei sana pH, jambo linalokifanya kiwe rahisi kwa anayeanza. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika Umoja wa Ulaya ni asilimia 1.

Sodiamu benzoeti. Ni unga mweupe, uleule unaotumika kwenye juisi na sosi kwa namba E211. Una nguvu zaidi dhidi ya hamira na ukungu. Asidi ya benzoiki iliyomo ndani yake ilijulikana kwanza kutoka kwenye utomvu wa mti ambao Waarabu waliuita luban jawi, yaani ubani wa Java. Jina la benzoiki limetokana na maneno hayo, na neno letu ubani ni ndugu yake. Katika Umoja wa Ulaya kiwango cha juu ni asilimia 0.5, kikihesabiwa kama asidi, kwa bidhaa zinazobaki mwilini, na asilimia 2.5 kwa zinazosuuzwa.

Potasiamu sorbeti. Nayo ni ya kwenye vyakula, namba E202. Inafanana na benzoeti kwa kazi, na mara nyingi huwekwa pamoja nayo. Kiwango cha juu ni asilimia 0.6 ikihesabiwa kama asidi.

Parabeni. Zimetumika kwa miongo mingi na huleta mzio kwa watu wachache. Sifa yake ilichafuka mwaka 2004, utafiti uliofanyika Uingereza ulipoonyesha kuwa parabeni zilipatikana ndani ya vipande vya uvimbe wa saratani ya matiti. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba parabeni ndizo zilizosababisha saratani. Hata hivyo Umoja wa Ulaya umepiga marufuku baadhi yake na kupunguza viwango vya nyingine.

Methylisothiazolinone. Hii tunaitaja ili uiepuke katika bidhaa zinazobaki mwilini. Ilisababisha mzio kwa watu wengi kiasi kwamba Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku katika bidhaa hizo, ukiiacha kwa kiwango kidogo sana katika zile zinazosuuzwa, kama shampuu.

pH: hapa ndipo wengi hukosea

Sodiamu benzoeti na potasiamu sorbeti hufanya kazi mahali pachachu tu. Sehemu inayoua vijidudu ni ile iliyogeuka kuwa asidi, na kiasi chake hutegemea pH ya mchanganyiko.

Chukua benzoeti. Katika pH 4.2, nusu yake ndiyo inayofanya kazi. Katika pH 5 inabaki asilimia 14 hivi. Katika pH 6 haifiki hata asilimia 2. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kupima kihifadhi kwa usahihi, akakitia kwenye losheni yenye pH 6.5, na ikawa kana kwamba hakutia kitu. Sorbeti ina unafuu kidogo: katika pH 5 zaidi ya theluthi moja yake bado inafanya kazi.

Kwa hiyo ukitumia hivi viwili, nunua karatasi za kupima pH zenye rangi nyingi na namba. Karatasi za litmasi hazitoshi, kwa sababu zinaonyesha tu kama kitu ni asidi au besi. Shusha pH hadi kati ya 4.5 na 5 kwa kutumia asidi ya sitriki, ule unga mchachu unaotiwa kwenye jamu na juisi. Yeyusha kidogo kwenye maji, ongeza matone machache, koroga, pima tena. Kiwango hicho hakiisumbui ngozi, kwa kuwa ngozi ya mtu mzima yenyewe ni chachu, kwa kawaida karibu na 5.

Usitumie maji ya ndimu badala ya asidi ya sitriki. Yana vitamini C, na benzoeti ikikutana na vitamini C mahali penye joto na mwanga inaweza kutoa benzini, kemikali inayosababisha saratani, hata kama ni kwa kiasi kidogo.

Namna ya kupima na kutia

Pima kwa gramu, si kwa kijiko. Asilimia 1 ni gramu 1 katika kila gramu 100 za mchanganyiko mzima, siyo za maji peke yake. Mizani ya jikoni inayoruka gramu kwa gramu haifai kwa kazi hii. Inahitajika ile ndogo inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kama ya wauza vito.

Tuseme unataka gramu 300 za maji ya kupulizia nywele, yenye gliserini asilimia 3 na kihifadhi cha fenoksiethanoli kilichochanganywa asilimia 1. Gliserini itakuwa gramu 9, kihifadhi gramu 3, na maji gramu 288. Kama muuzaji ameandika kiwango kingine kwenye karatasi ya bidhaa yake, fuata hicho. Kuzidisha "ili idumu zaidi" kutawasha ngozi. Kupunguza "ili isiwe na kemikali nyingi" kutaacha vijidudu vilivyo hai vikazoea.

Hatua nyingine ni hizi:

Tumia maji yaliyosafishwa au ya kunywa ya chupa, kisha uyachemshe. Usitumie maji ya betri yanayouzwa gereji, kwa sababu chupa zinazofanana huweza kuwa na asidi kali.

Osha vyombo kwa sabuni, suuza, kisha futa kwa spiriti ya asilimia 70 na uviache vikauke. Osha mikono na funga nywele.

Subiri mchanganyiko upoe hadi chini ya nyuzi 40 ndipo utie kihifadhi, isipokuwa muuzaji ameeleza vingine. Koroga mpaka kiwe kimeenea chote.

Weka kwenye chupa ya pampu, ya kupulizia au ya kubonyeza. Kopo la mdomo mpana hupokea vidole kila siku.

Andika tarehe uliyotengeneza. Hata ukiwa na kihifadhi, kwa bidhaa ya nyumbani ambayo haijapimwa maabara, usivuke miezi mitatu.

Kihifadhi kina kikomo. Hakiwezi kuokoa losheni iliyotiwa parachichi bichi, ndizi, maziwa au yai. Vitu hivyo vina chakula kingi mno kwa vijidudu. Vitengeneze vya kutumia siku hiyo, na kinachobaki kimwagwe.

Kabla ya kutumia bidhaa mpya, paka kidogo upande wa ndani wa mkono na usubiri saa 48. Ukiona wekundu, kuwashwa au vipele, usiendelee.

Kukwepa kihifadhi kwa njia halali

Asiyetaka vihifadhi ana njia, na pwani yetu imeijua kwa muda mrefu. Singo anayosuguliwa bi harusi Zanzibar ni maua na viungo vilivyokaushwa na kusagwa, kama waridi, mlangilangi na karafuu. Huhifadhiwa ikiwa kavu, na marashi ya waridi hutiwa saa ya kuitumia. Liwa nayo ni hivyo hivyo: kijiti husuguliwa kwenye jiwe kwa marashi kidogo, ikapakwa palepale. Hakuna aliyechanganya singo ya mwezi mzima akaiweka kabatini ikiwa mbichi.

Kanuni hiyo inafaa hata leo. Tengeneza unga mkavu wa majani ya mwarobaini, mkunazi au hina na uuchanganye siku ya kuosha nywele. Tengeneza mafuta au siagi ya mwili isiyo na tone la maji. Ila kumbuka kwamba skrabu ya sukari na mafuta inayochotwa bafuni kwa mikono iliyolowa imeshatiwa maji, hata kama hukuyaandika kwenye orodha ya viungo. Ichote kwa kijiko kikavu.

Ukitaka kuuza

Kujitengenezea ni jambo lako, kuuza ni jambo la mwenzako pia. Mnunuzi hajui kama una mtoto aliyechovya mkono kwenye ndoo, wala kama umeme ulikatika siku mbili. Anachoona ni chupa yenye lebo ya "asilia", naye huenda akampaka mtoto wake.

Nchini Tanzania, usimamizi wa vipodozi ulihamishwa mwaka 2019 kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, kwenda Shirika la Viwango, TBS. Nchini Kenya mhusika ni shirika la viwango, KEBS. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango chake cha vipodozi, EAS 377, na sehemu yake ya nne inaorodhesha vihifadhi vinavyoruhusiwa. Anza kwa kuulizia hapo kabla ya kuchapisha lebo.

Bidhaa ya kuuzwa inahitaji kipimo ambacho jikoni hakiwezekani. Katika maabara, vijidudu hutiwa kwa makusudi ndani ya bidhaa, kisha huhesabiwa kwa wiki nne kuona kama kihifadhi kinavimudu. Viwango vya kimataifa vinaruhusu vijidudu visivyozidi 1,000 katika gramu moja ya bidhaa ya kawaida, na 100 kwa bidhaa za watoto chini ya miaka mitatu au za karibu na macho. Bakteria kama Pseudomonas aeruginosa na Staphylococcus aureus hawatakiwi kuonekana kabisa.

Mpaka utakapopata kipimo hicho, ushauri wetu ni kuuza vitu visivyo na maji: mafuta ya nywele, siagi ya mwili, sabuni za mche, unga mkavu wa kuchanganya nyumbani. Andika viungo vyote, tarehe na namba ya mkupuo, na ubaki na chupa moja ya kila mkupuo. Mteja akirudi na malalamiko, acha kuuza mkupuo huo kwanza, kisha ndipo uchunguze.

Na ikiwa tayari una chupa nyumbani ambayo hukumbuki uliitengeneza lini, usiinuse kutafuta jibu. Imwage, osha chupa, na uanze upya ukiwa na kalamu ya kuandikia tarehe.